Zile Kilo Nne

Kitale,
Jumapili, 12 Januari 2003

Mwanangu mpendwa Rosaline,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima hapo Bungoma, wewe na wanafunzi wenzako wa unesi, na yule Madam Jepchirchir wenu anayewafundisha mambo ya watoto. Sisi hapa tuko salama, si salama sana lakini tuko. Cucu Waruguru, nyanya yako, anakusalimu, miguu bado inamsumbua lakini mdomo uko sawa kabisa, jana amegombana na mhubiri. Kakako Hiram anakusalimu, amemaliza kupukuchua mahindi ya shamba la juu. Mdogo wako Wahu anakusalimu na anasema ulimwahidi sweta ya shule, mimi sijui, hayo ni mambo yenu. Jirani yetu Sally anakusalimu na bwanake Kimaiyo pia. Hata ng'ombe angekusalimu lakini amenuna, tumemtenga na ndama wake.

Na wa mwisho ni mume wangu mdogo, mwanao Ngige, anakusalimu mara kumi. Vile amebeba jina la marehemu baba yako, mimi siwezi kumwita vingine. Leo nimemwambia, mume wangu, tunamwandikia mama yako, unasema nini? Akasema nikuambie ameona nyoka. Si kweli, ilikuwa kamba.

Sasa mwanangu, kama nilivyokutumia neno na Matthew wa gari la mikate, siku ya pili baada ya mwaka mpya kile kifafa kilirudi. Tangu Septemba ulipompeleka huko kwenu akapewa vile vidonge viwili vya usiku, hakikuwa kimemshika tena, hata nilikuwa nimeanza kusahau kuogopa. Alikuwa anakula ugali. Nikaona macho yamegeuka, na kijiko kikaanguka. Nilimlaza kwa ubavu kama ulivyonifundisha, sikumtia kitu mdomoni, nikamngoja. Nilihesabu mpaka mia moja na hamsini. Halafu akalala, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, ili Cucu asinione.

Ulijibu ya kwamba Madam anataka kujua kilo zake, huenda amekua na dawa imekuwa ndogo kwake. Basi nimefanya hivyo. Mizani ya zahanati imeharibika, tunaambiwa tungoje, kwa hivyo nilimpeleka hapo kwa Kimaiyo anaponunulia mahindi. Nilichukua gunia safi nikalikata mashimo mawili ya miguu, nikamwingiza, na Kimaiyo akalitundika kwenye ile ndoano yake. Mtoto alicheka mpaka watu wakaja kuona. Mzee Wabwile alikuwa ameleta mahindi yake, akauliza, "Kimaiyo, hii nayo ni gredi gani?" Kimaiyo akasema, "Hii haijakauka mzee, irudi juani."

Rosaline, ni kilo kumi na saba! Ulimwacha na kumi na mbili. Nimehesabu vizuri, sikukisia. Mwambie Madam. Ni maziwa ya huyu ng'ombe mwenye kununa.

Nijibu upesi, mpe Matthew, asipite hapa mikono mitupu. Usingizi wangu uko kwa hiyo barua.

Ni mimi mama yako,
Waithera

*

Bungoma,
Jumamosi, 18 Januari 2003

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Cucu, kwa Hiram, kwa Wahu (sweta inakuja, aache kunishtaki), na kwa mtoto wangu aliyeona nyoka.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilipofika kwa ile kumi na saba nilipiga kelele, wasichana wakadhani nimepita mtihani ambao bado hatujafanya. Mama, hujui jinsi nilivyokuwa naumia. Kila siku wodini nawabeba watoto wa watu, nawapima, naandika kilo zao, halafu jioni najiuliza wangu anabebwa na nani. Sasa nimejua anabebwa vizuri.

Madam Jepchirchir aliinua macho kidogo. "Kilo tano kwa miezi minne?" Nikamwambia, Madam, wewe humjui mama yangu, ana ng'ombe na ana avokado mbili nyuma ya nyumba. Akauliza kama mizani ni ya kuaminika. Nikamwambia mama yangu hawezi kudanganywa na mizani, ameuza mahindi tangu sijazaliwa. Akacheka, akachukua karatasi.

Nakueleza alivyohesabu ili usishangae. Dawa hii kwa mtoto haifuati miaka, inafuata uzito. Kila kilo ya mwili wake ina fungu lake, na kwa Ngige fungu ni miligramu tano. Alipokuwa kilo kumi na mbili, mara tano ni sitini, na kila kidonge kina thelathini ndani yake, ndiyo sababu ilikuwa viwili. Sasa kumi na saba mara tano ni themanini na tano. Vidonge vitatu ni tisini, hapo ndipo karibu zaidi. Kwa hivyo kuanzia leo, mpe vitatu, wakati ule ule wa kulala. Nimekutumia pakiti na Matthew.

Ukiona jambo lolote geni kwake, hata dogo, niandikie. Mitihani yetu ni mwisho wa Machi, kabla ya hapo hatupewi ruhusa.

Mwanao mwenye furaha leo,
Rosaline

*

Kitale,
Jumapili, 2 Februari 2003

Mwanangu Rosaline,

Salamu za watu wote wa hapa, ni wale wale na hali ni ile ile, isipokuwa ng'ombe ameacha kununa.

Vidonge vilifika na ninampa vitatu kila jioni kama ulivyoandika. Hakuna kifafa! Hata kidogo. Mwambie Madam Mungu ambariki, na akija Kitale asipite bila kula kwangu.

Mume wangu mdogo ametulia sana siku hizi. Hata kuku wamepata kupumzika. Akisha kula mchana analala mpaka jua linaelekea kwa mlima, na tukimwamsha haleti fujo, anakaa tu karibu na Cucu. Cucu anafurahi, anasema sasa amekuwa muungwana, si kama baba yako alivyokuwa akiwa kijana. Juzi alianguka hapo mlangoni lakini ni viatu, vile alivyopewa na Sally ni vikubwa.

Kwa hivyo usome vitabu vyako kwa amani, usifikirie huku. Lakini niandikie tu, hata mistari miwili, na usikawie.

Mama yako,
Waithera

*

Bungoma,
Jumamosi, 8 Februari 2003

Mama,

Nimesoma barua yako mara nne. Umeniambia nisifikirie, na ndiyo sababu nafikiria. Ngige ninayemjua hajatulia hata siku moja tangu azaliwe.

Tafadhali nijibu haya, usinifichie hata moja kwa kunihurumia. Anatembea sawa, au anayumba? Ameanguka mara ngapi? Akizungumza, maneno yanatoka kama zamani? Anakula? Ukimwita jina akiwa amelala, anaamka?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ikitokea siku umemwita na kumtikisa na haamki vizuri, usiandike barua, mkimbize hospitali ya Kitale saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Lakini usiikate dawa kwa kichwa chako. Ikikatwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko mwanzo.

Na jambo lingine, Madam anataka kujua ulivyompima. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona gunia.

Rosaline

*

Kitale,
Jumatano, 12 Februari 2003

Mwanangu,

Umenikaripia kwa adabu lakini nimekaripiwa. Sawa. Sikutaka uache kusoma ukaja huku, ukafukuzwa, ndiyo maana nilikuandikia nusu nusu.

Anaanguka. Si viatu. Ameanguka mara tatu, na mara moja ilikuwa karibu na jiko, Wahu akamnyakua kwa shati. Anatembea kama mzee Wabwile akitoka sokoni. Maneno yanatoka mazito, utasema ana uji mdomoni. Anakula nikimlisha. Nikimwita anaamka, ananitazama, anasema "cucu", halafu analala tena. Wahu anasema tuitupe hiyo dawa kwa choo. Mimi nimekataa kwa sababu umekataza, lakini kila jioni nikimpa kile kidonge cha tatu mkono wangu hautaki.

Kupima kulikuwa hivi. Nilimwingiza ndani ya gunia, Kimaiyo akatundika. Tukangoja mtoto aache kucheka, kwa maana mshale ulikuwa unaruka. Mshale ukasimama kwa kumi na nne. Nikatoa moja ya gunia na viatu, ikabaki kumi na tatu. Nikaongeza zile nne. Ikawa kumi na saba. Nikaandika juu ya mkono wangu wa kushoto kwa kalamu nisisahau.

Ni hivyo tu. Sioni mahali nimekosea. Nijibu leo leo ukiweza, Rosaline, mimi nimechoka kumtazama akipumua.

Mama yako

*

Bungoma,
Jumamosi, 15 Februari 2003
Kwa mkono wa Matthew

Mama,

Nilimsomea Madam barua yako kwa sauti, na nilipofika kwa zile nne nikapita bila kusimama. Yeye ndiye aliyenisimamisha. "Zile nne zipi?" Nikafungua mdomo kumweleza, na hapo ndipo nikasikia nilichokuwa nataka kusema.

Mama, mimi nimekua nikiongeza zile nne. Kimaiyo akisema themanini na sita, wewe unasema tisini, na kila mtu kwenye foleni anasema hivyo hivyo, kwamba mizani yake inakula nne. Haikunigutusha hata kidogo kuiona kwenye barua. Na ile siku ya kwanza Madam aliniuliza kama mizani ni ya kuaminika, nikajigamba. Nilitaka sana mtoto wangu awe ameongezeka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba kilo tano kwa miezi minne si kitu cha kushangilia, ni kitu cha kupima tena. Kosa hili ni langu kabla halijawa lako.

Sasa sikiliza. Kama mizani haiibi, basi Ngige ni kilo kumi na tatu, tumempa dawa ya mtoto mkubwa kuliko yeye, na ndiyo inamlewesha. Kama kweli inakula nne, basi ni kumi na saba, dawa ni sawa, na usingizi huo una sababu nyingine ambayo lazima itafutwe. Madam anasema kuanzia leo jioni mrudishe kwa viwili, usipunguze zaidi ya hapo. Lakini kama ni kumi na saba kweli, viwili vitakuwa kidogo na kifafa kinaweza kumshika tena. Ni lazima tujue. Jumanne ndiyo kliniki ya watoto huko hospitali, mpeleke na barua hii. Ila usikae mpaka Jumanne bila kujua. Nenda kwa Kimaiyo leo, umwulize mizani yake inakula ngapi. Aseme ukweli.

Najua ni kama kumwomba mtu ajishtaki. Mwombe hivyo hivyo.

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa. Sili vizuri mpaka nisikie kutoka kwako.

Rosaline

*

Kitale,
Jumapili, 2 Machi 2003

Mwanangu mpendwa Rosaline,

Najua Matthew alikupa lile neno fupi nililomtuma, kwamba mtoto yuko sawa. Sasa nimepata nafasi nikueleze yote. Salamu za Cucu, za Wahu, za Hiram. Lakini Hiram hajui haya ninayoandika, na usimwambie, utaona kwa nini.

Siku ile ile nilipopata barua yako nilimfunga Ngige mgongoni nikaenda. Ilikuwa kama saa kumi na moja, Kimaiyo anafunga, Sally yuko hapo anafagia mahindi yaliyomwagika. Nikamwambia, "Kimaiyo, nisaidie. Mizani yako inakula kilo ngapi?"

Akashtuka. "Mama Rosaline, umetumwa na nani? Ni wale wakaguzi wa vipimo?"

"Hakuna aliyenituma. Ni mtoto."

"Mizani yangu ina muhuri. Njoo uone muhuri."

Sally akasema, "Si umjibu mama wa watu? Ameuliza ngapi, hajauliza muhuri."

Mimi nilikuwa nimechoka, nikamshusha Ngige juu ya magunia. Akalala hapo hapo, Rosaline, jua likiwa bado juu, watu wakiongea, mguu mmoja ukining'inia. Kimaiyo akamtazama. Ndiye yule yule aliyemtundika Januari akicheka. Akauliza, "Ni mgonjwa?"

Nikamwambia, "Ni dawa. Hupimwa kwa kilo. Mimi nimempa dawa ya zile kilo zako nne."

Akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Mizani haiibi."

"Basi nne huenda wapi, Kimaiyo? Miaka yote hii?"

Akachukua gunia lililojaa akalitundika. Akasimama kando yake kama anavyosimama kila siku, na lile koti lake refu. Akaniambia nitazame mshale. Themanini na sita. Kisha akafungua koti. Goti lake lilikuwa chini ya gunia, limelisukuma juu kidogo, kidogo tu. Akatoa goti, mshale ukasogea mpaka tisini ukatulia.

"Nyinyi mmechunguza mizani miaka yote," akasema. "Hata Hiram alikuja na mawe yake ya kupimia, akaikuta sawa, akasema ni uchawi. Hakuna aliyenichunguza mimi."

"Na siku ya Ngige?"

"Siku ya Ngige nilisimama kule mbali, nimeshika nguzo ya mlango. Mama, mtoto si mahindi. Mtoto siwezi kumwibia."

Mwanangu, sikujua nimshukuru au nimpige na ufagio. Sally alicheka sana, akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akaacha ghafla. Akamwuliza, "Na mahindi ya mama yangu?" Kimaiyo akajifanya anafunga mlango ambao ulikuwa umeshafungwa. Nikamchukua mtoto nikawaachia nyumba yao.

Jioni hiyo nikampa viwili. Kidonge cha tatu nilikirudisha kwa pakiti.

Jumanne tukafika hospitali mapema. Wakamvua kila kitu akabaki na chupi, wakamsimamisha kwa mizani ya kusimama. Kumi na tatu. Nesi akaandika kumi na tatu. Rosaline, midomo yangu ilikuwa tayari kusema ongeza, nikaifunga na mkono.

Daktari alisoma barua yako yote na akasema mwanangu anajua kuandika. Akasema viwili ndivyo vyake, dawa itapungua mwilini polepole, nisiwe na haraka. Akasema apimwe kila mwezi kwa mizani ile ile ya hapo, na niandike mshale ulivyosema, basi. Akauliza pia kama siku ile ya Januari alikuwa na joto la mwili. Kweli alikuwa nalo, nilidhani ni jua. Akasema joto hukiita kifafa, kwa hivyo labda dawa haikuwa ndogo hata mwanzoni. Nilipewa ya kushusha joto, nayo imeandikwa kwa kilo, nikamfanya nesi anisomee mara mbili.

Nikuambie jambo moja ambalo sijamwambia hata Cucu. Umesema kosa ni lako. Si lako. Pale kwa Kimaiyo mshale ulipoonyesha, nikatoa ya gunia nikapata kumi na tatu, roho yangu ilianguka. Uliniachia mtoto wa kumi na mbili ukaenda kusoma ukiniamini, na mimi kwa miezi minne nimempatia kilo moja tu. Moja! Na ninavyomlisha. Zile nne zilikuja mdomoni upesi sana. Hata kama Kimaiyo angekuwa mtakatifu, sijui kama nisingetafuta mahali pengine pa kuzitoa. Daktari amesema ni mdogo lakini anapanda, tumpe mayai, tusimlinganishe na wa jirani. Basi mtoto wako ni kumi na tatu. Nakuandikia hiyo hiyo.

Kimaiyo aliniomba nisiseme kwa watu. Nimemwambia sitasema, ila siku ya kuuza nitasimama upande wa goti. Sally naye amesema atasimama na mimi. Hiram akijua atampiga, na mimi sitaki mtu apigwe, kwa maana Kimaiyo angeweza kuniapia kwa muhuri wake nikaondoka bila kitu.

Ngige ameamka, Rosaline. Ilichukua kama wiki. Kwanza aliacha kuanguka, halafu maneno yakarudi, halafu yakazidi. Sasa anaanza kuuliza kabla sijawasha moto. Kwa nini moshi unakwenda kwa Cucu peke yake. Kwa nini ng'ombe hana mikono. Jana alikuwa ameniuliza tangu asubuhi, kichwa kinaniuma, nikamwambia, "Mume wangu, si uende ulale kidogo?" Akaenda. Nikasikia nilichosema. Nikamkimbilia mpaka kitandani nikamkalisha, nikamwambia, "Hapana, uliza."

Akauliza mama yake ana kilo ngapi.

Sikujua. Nimemwambia tutakuandikia. Basi nenda kwa mizani ya hapo wodini kwenu, uvue viatu, uniandikie ulivyokuta, na umpe Matthew kesho akipita, kwa maana huyu mtu ataniuliza tena jioni na mimi siwezi kumkisia.

Ni mimi mama yako,
Waithera